Popo Watano wa Bibi Suzhen

Jumanne saa tisa alasiri Adrienne alikuwa kwenye karakana ya ushonaji, Rissne, miwani puani, anafumua bitana ya joho la hariri, wakati bosi wake Yan alipomwekea kikombe cha kahawa pembeni, mbali na kitambaa, akamwambia joho hilo aende nalo nyumbani.

"Kesho mafundi wanakuja kutoboa ukuta huu," Yan alisema. "Sitaki vumbi kwenye joho la mama."

"Nilibebe mimi? Kwenye treni?"

"Wewe nakuamini."

Yan hakuwahi kumruhusu mtu kutoka na kazi, hata kifungo. Maneno yale mawili yalimkaa Adrienne kifuani vizuri, kama blauzi iliyotoka kupigwa pasi.

Yan alizaliwa hapa hapa Stockholm. Wazazi wake, Wachina, walikuwa na mkahawa Vårby gård mpaka baba alipofariki. Wateja wa Yan walikuwa watoto wa watu kama hao: waliokulia Uswidi, wanaoota ndoto kwa Kiswidi, na ambao wakikaribia miaka thelathini wanashikwa na hamu ya kuvaa alichovaa bibi. Joho wanalivalia juu ya jinzi na raba nyeupe, wanakwenda nalo harusini na kwenye mwaka mpya wa kwao. Kwa kuwa hawajui korongo wa kwenye mkono anasema nini, wala mawimbi ya kwenye pindo yanasema nini, Yan huwaandikia kadi ndogo kwa Kiswidi na kuifunga kwenye hanga. Korongo, umri mrefu. Mawimbi yanayopiga mlima, mtu asiyeyumba. Adrienne hakuwa na mazoea ya kuzisoma hizo kadi. Yeye alikuwa mtu wa bitana na pindo, mambo ya ndani; ya mbele hayakumhusu.

Joho lile halikuwa la mteja. Bibi Suzhen, mama yake Yan, alilitarizi mwenyewe kwa miaka sita, katika jiko la mkahawa, saa zile za kati ya chakula cha mchana na cha jioni, vidole vikinuka tangawizi. Mwezi ule alikuwa anatimiza miaka themanini, na alitaka kulivaa mbele ya ukoo wote. Lilihitaji bitana mpya tu. Lilikuwa la buluu iliyokolea, na kifuani kulikuwa na popo watano wekundu, mabawa wazi, wameizunguka alama moja ya duara.

Adrienne alilikunja, akalitia ndani ya foronya safi, akapanda treni kurudi kwake Rågsved. Kadi ilibaki kwenye hanga.

Kila Alhamisi saa kumi kikundi cha maombi kilikutana nyumbani kwake: Wakongo, Warundi, Mnyarwanda mmoja, na Mkenya mmoja aliyefuata sambusa. Kiongozi wao alikuwa Mama Prudence, Mrundi mwenye sauti ambayo majirani wa ghorofa ya sita waliizoea kama wanavyozoea lifti. Alhamisi hiyo joho lilikuwa juu ya meza, bitana mpya imeshakaa. Prudence aliliona kabla hajavua koti.

"Mama Arielle," akamwita Adrienne kwa jina la bintiye, "hiki nini?"

"Joho la mama ya bosi."

"Joho naliona. Nakuuliza hawa."

"Popo."

"Popo," Prudence akarudia, akilionja neno. "Wekundu."

"Ni mapambo tu, Mama Prudence. Kama maua."

"Maua yana meno?"

Wengine wakasogea. Mama mmoja wa Beni akasema kwao popo akilala juu ya mlango watu hawaulizi, wanahama. Adrienne alikuwa wa Butembo, Kongo hiyo hiyo, na hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na shangazi aliyezomewa mchawi soko zima kwa sababu popo watatu walionekana kwenye paa lake. Tangu Jumanne alikuwa akijitia hamnazo, analitazama joho upande wa ndani tu.

"Na mzee wa watu anakwenda kulivaa hili," Prudence alisema. "Themanini yake. Watano, kifuani. Wewe unamtengenezea bitana laini wasimkwaruze."

"Joho si langu."

"Na roho yake si yako?"

Adrienne alijiambia anamwokoa bibi wa watu. Kusema kweli, aliogopa zaidi kitu kingine: kwamba wenzake watoke pale waende kusema Mama Arielle anafuga popo. Akachukua mkasi mdogo, akaanza na wa juu kushoto, wenzake wakiimba taratibu.

Uzi wa mwisho ulipotoka, popo hakuangukia mezani. Alijikung'uta, akaruka, akaenda kujining'iniza kwenye fimbo ya pazia, kichwa chini. Kwenye joho yakabaki matundu madogo ya sindano.

"Voilà," Prudence alisema. "Niliwaambia."

"Nifungue dirisha?" Adrienne akauliza.

"Fungua."

Nje ilikuwa digrii kumi na moja chini ya sifuri. Popo aliigeukia baridi, akaitazama, akajifunika bawa moja. Baada ya dakika tatu mama wa Beni akaomba dirisha lifungwe, miguu yake haitaki upepo. Ilipofika saa kumi na mbili wote watano walikuwa wamejipanga juu ya pazia, wekundu kama pilipili zilizoanikwa, na akina mama walikuwa wamekunywa chai chini yao na kwenda zao. Adrienne alikaa siku mbili akitarizi njiwa watano weupe mahali pa popo.

Jumatatu alilirudisha. Yan alikuwa kwenye simu, na aliyelipokea joho ni Bibi Suzhen mwenyewe, aliyekuja kulichukua. Mkono wa bibi ulipita kwenye kola, ukapita kwenye mikono, ukafika kifuani, ukasimama. Ukakaa hapo muda mrefu. Halafu akalikunja joho kifua kikiwa ndani, akaliweka kwenye sanduku lake, akafunga utepe mafundo mawili. Yan alipomaliza simu akataka kuona.

"Siku yenyewe," mama yake akamwambia. "Ukiona kabla si vizuri."

Kisha akamgeukia Adrienne. "Bitana nzuri," akasema kwa Kiswidi.

Walipotoka kwenda kula, Adrienne alibaki na hanga tupu. Kadi ilikuwa bado imening'inia. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kwa bahati mbaya hakukuwa na neno hata moja asilolielewa. Popo watano: umri mrefu, mali, afya, tabia njema, na kufa kwa amani siku ikifika. Anayepewa popo watano amepewa vyote.

Akaikata kadi kwenye hanga, akaificha ndani ya mkoba wake, katikati ya tiketi ya treni na Agano Jipya.

Kesho yake goti lake la kushoto, lililomsumbua tangu alipokimbia Butembo, likaacha kuuma. Hakulisema, alidhani ni dawa ya kuchua. Jumapili akaja binti yake Arielle, aliyekuwa akimjibu mama yake kwa Kiswidi tangu darasa la pili, na aliyekuwa na miezi mitano hajakanyaga Rågsved. Arielle alikaa chini ya pazia, akawatazama popo, akatazama simu yake, kisha akasema, "Mama, niko na njaa." Alisema kwa Kiswahili. Adrienne aliingia bafuni, akafungua bomba, akalia kidogo kwenye taulo, akatoka kusonga ugali.

Halafu Thierry wa ghorofa ya pili, aliyesubiri karatasi za ukaazi miaka saba, alikuja kuazima ngazi. Alisimama chini ya popo dakika kama tano akieleza balbu gani imeungua. Kesho yake asubuhi barua ikaja, na ndani yake lilikuwamo jibu alilolitaka.

Alhamisi iliyofuata Prudence alivua koti, akakaa kwenye kiti cha chini ya pazia, na hakuondoka hapo mpaka mwisho. Presha yake, iliyokuwa imewashinda madaktari wawili, ilishuka ikakaa mahali pake.

"Hawa," akasema akiinua macho, "hatukuwaelewa vizuri."

Wakamwita mchungaji wao, Mchungaji Kambale. Alikuja na chupa ya mafuta, akapindisha shingo ili azione nyuso zao sawasawa, akawatazama mmoja mmoja, kisha akatangaza kwamba wameokoka. Siku waliyotoka kwenye lile joho ndiyo siku waliyookoka, na kikundi hiki ndicho kilichowatoa. Akina mama wakasema amina. Mama wa Beni akasema yeye tangu mwanzo aliona wana macho ya upole.

Kuanzia hapo Alhamisi ya kwa Adrienne ikawa si ile. Viti vya plastiki vililetwa kutoka kanisani. Viatu vilijaa mpaka kwenye ngazi. Prudence alikata vipande vya katoni akaviandika namba, dakika mbili kila mtu, na saa alishika yeye.

Upande wa Bibi Suzhen mambo yalikwenda kinyume. Kwanza aliteleza kwenye barafu, mbele ya mlango wake, akaumia nyonga. Halafu mikono ikaanza kutetemeka hata kikombe kikamshinda. Halafu chakula kikakosa ladha, yeye aliyelisha Vårby gård nzima. Sherehe ikasogezwa mbele mwezi mmoja. Yan alimhadithia Adrienne haya akikata kitambaa, bila kuinua macho.

"Daktari haoni kitu," akasema. "Ni kama kuna kitu kimemtoka."

Adrienne akapiga moyo konde. "Yan."

"Eh?"

"Uzi mweusi umekwisha."

Yan akavaa koti akaenda kununua uzi mweusi. Kwenye droo ya Adrienne kulikuwa na rola nane. Wiki ile alijaribu tena mara mbili, na mara mbili mdomoni likatoka jambo la pasi.

Jumatano Adrienne alipanda juu ya kiti na foronya ile ile. Popo hawakumsumbua. Waliingia mmoja mmoja, wana joto kama nguo iliyotoka kwenye pasi, na wa tano akajisogeza mwenyewe ili wenzake wapate nafasi. Alipofungua mlango, Prudence alikuwa anapanda ngazi, amekuja kupanga viti vya kesho.

"Unakwenda wapi na foronya inayopumua?"

"Kuwarudisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wewe unamjua."

Prudence akakaa kwenye ngazi ili aseme vizuri. Hakupandisha sauti, na hilo peke yake lilitisha. "Thierry ana makaratasi," akasema. "Mimi nalala usiku. Arielle anakula ugali mezani kwako na kusema 'mama'. Bon. Na hivyo utavirudisha kwenye foronya hiyo hiyo, ama vina yake?"

Adrienne alisimama na foronya mkononi. Alikuwa na majibu ya Thierry, na ya presha alikuwa nayo tayari. Kisha akaikumbuka sahani ya Arielle mezani. Akarudi ndani, akaifungua foronya, na popo wakarudi wenyewe kwenye fimbo yao bila kinyongo.

Alhamisi, saa kumi na nusu, kengele ililia. Prudence alifungua, akamkuta bibi mfupi wa Kichina ameegemea kigari cha kutembelea, sweta la kijivu, kofia ya sufu. Mteja mmoja wa Yan alikuwa amemwambia kwamba Rågsved kuna popo wekundu wanaoponya watu.

"Umeokoka, mama?" Prudence alimuuliza kwa Kiswidi.

"Nimebadilisha treni," Bibi Suzhen alijibu.

Prudence akampa kipande cha katoni. Namba kumi na nne. Sebule ilikuwa imejaa, basi akaelekezwa jikoni, na jikoni ndiko alikokuwa Adrienne, anakaanga sambusa.

Walitazamana. Adrienne alizima jiko. Alivuta kiti, akaweka mto, akamkalisha, akamtilia chai nusu kikombe tu kwa sababu ya ile mikono. Kiswidi chao wawili, ukikijumlisha, hakikufika cha mtoto wa chekechea, lakini kwa kazi ile kilitosha.

"Ni mimi, Bibi," Adrienne alisema. "Ni mimi niliyewafumua."

"Najua. Njiwa wako wana macho mabaya. Umeyashona kwa haraka."

"Ulijua siku ile ile?"

"Mkono unajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisubiri useme wewe." Bibi alikishika kikombe kwa mikono miwili, na chai ikawa inacheza ndani yake. "Na Yan sikumwonyesha. Yan angekufukuza. Bitana ulikuwa umeipiga vizuri."

Adrienne alitamani angepigwa kofi. Kofi lingekuwa na mwisho. "Basi nimesema," akanong'ona.

"Umesema jikoni," Bibi Suzhen alisema.

Adrienne alivua aproni, akaikunja, akaenda akasimama mlangoni mwa sebule. Watu walikuwa kama thelathini. Mchungaji Kambale alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri. Prudence aliinua saa kuonyesha kwamba namba kumi na mbili imebakiza sekunde.

"Nina neno," Adrienne alisema.

"Ushuhuda," Prudence akawatangazia watu. "Mama Arielle ana ushuhuda."

Akasema yote. Kwamba popo ni wa bibi aliyeko jikoni. Kwamba aliwashona miaka sita katika jiko la mkahawa, kila mmoja ana jina la baraka yake. Kwamba yeye alikabidhiwa joho kwa kuaminiwa, akalifumua kwa kuogopa maneno ya watu, akanyamaza kwa kuona raha, na kwamba bibi anaumwa kwa sababu yake na yao wote. Alisema kadi ilivyosema. Akaitoa kwenye mkoba, akaisoma mpaka kwenye kufa kwa amani.

Kisha Mchungaji Kambale akasimama.

"Mnaona," akasema, "jinsi baraka zilivyofungwa kwa uzi, miaka yote, kwenye kifua cha mtu mmoja, mpaka mkono wa dada yetu ulipotumwa kuzifungua zitufikie sisi."

"Amina," watu wakasema. Mama wa Beni akapiga vigelegele. Wakapiga makofi, makofi ya kweli, ya furaha, na wawili wakainuka wakamkumbatia Adrienne, aliyekuwa amesimama na kadi mkononi kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Alijaribu kusema hapana, sicho nilichosema. Wakadhani anajishusha, wakapiga tena.

Bibi Suzhen alikuwa amesogea na kigari chake mpaka nyuma yake. Kiswahili hakukisikia hata neno, lakini makofi aliyasikia.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Wanashukuru, Bibi."

Uso wa bibi ukafunguka kidogo. "Wananishukuru mimi?"

Adrienne angeweza kusema ndiyo. Ndiyo kwa Kiswidi ni neno fupi sana, halimchoshi mtu.

"Hapana," akasema.

Bibi Suzhen akaitikia kwa kichwa, akangoja namba kumi na tatu amalize, akaenda kukaa kwenye kiti cha chini ya pazia. Popo walishuka wote watano kwa pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamemfanyia mtu mwingine, na kila mmoja akaenda kifuani pa bibi, mahali pake, akifungua mabawa. Mikono ya bibi ikatulia. Aligusa bawa la yule wa chini kulia kwa ncha ya kidole.

"Huyu nilimaliza siku mume wangu aliponunua mashine ya kuosha vyombo," alisema, hakumwambia mtu.

Lakini sweta lilikuwa la dukani, la nailoni, jororo, na popo wa hariri bila uzi hawakuwa na pa kujishikia. Walianza kuteleza. Walijaribu tena, wakateleza tena, na wa mwisho akamwangukia mapajani. Bibi akamwinua kwa viganja viwili, akamsogeza juu mpaka akaifikia fimbo. Mikono ikaanza kutetemeka upya.

"Kumi na tano," Prudence alisema.

Adrienne alimvalisha bibi koti, akamfunga vifungo, akamfungulia lifti. Alimwambia atakuja kwake Jumamosi na sindano, atafumua njiwa, watajaribu pamoja kuwarudisha popo kwenye joho. Bibi akasema njiwa wameshajaribiwa. Alikuwa amewakata nyuzi tangu wiki ya pili, na hawakuondoka. Wamelala pale, hawaruki, hawasemi kitu, na mahali pa popo pamejaa.

Mlango wa lifti ulikuwa unataka kufunga, Adrienne akauzuia kwa goti lake zima.

"Alhamisi ijayo," Bibi Suzhen alisema, "ninaweza kupata namba ya mapema? Jioni treni inajaa."

"Ndiyo, Bibi."

Alirudi ndani mbio, akatafuta kipande cha katoni kisicho na doa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akampelekea. Aliandika tatu. Namba moja ilikuwa ya Mchungaji Kambale, na mbili ya Mama Prudence.